Feni kubwa ya kompyuta: namna ya kudhibiti kasi yake bila kuunguza mashine

Feni yenye nguvu iliyotolewa kwenye seva ya zamani inaweza kuiokoa kompyuta inayofanya kazi chini ya paa la bati. Feni hiyohiyo, ikiunganishwa mahali pasipofaa, inaweza kuunguza ubao mama kwa muda mfupi sana. Makala hii inaeleza jinsi kasi ya feni inavyodhibitiwa, njia zilizo salama, njia za kuepukwa, na sababu za jambo hili kuwa na uzito wa pekee kwa watu wa Dzaleka na Lilongwe.

Kompyuta chini ya bati

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kaskazini mwa Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Palikuwa gereza wakati wa utawala wa Kamuzu Banda, na mwaka 1994 pakageuzwa kuwa kambi ya wakimbizi. Kambi hiyo ilikusudiwa kupokea watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina wakazi zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha.

Kompyuta zina historia yake hapo. Mwaka 2010 Shirika la Wajesuti la Kuhudumia Wakimbizi lilianza kutoa masomo ya chuo kikuu kwa njia ya mtandao kambini. Baadaye Remy Gakwaya, aliyefika Dzaleka akiwa mkimbizi kutoka Burundi, alianzisha TakenoLAB, mahali ambapo vijana walifundishwa kuandika programu za simu na kompyuta. Kambi ina pia redio ya jamii, Yetu. Kazi zote hizi hutegemea mashine ambazo lazima zipozwe.

Kupooza si jambo jepesi. Lilongwe iko kwenye uwanda wa juu, takriban mita 1,050 kutoka usawa wa bahari, na miezi ya Oktoba na Novemba huwa na joto kali kabla mvua hazijaanza. Kiangazi huleta vumbi linaloziba matundu ya hewa. Umeme nao hukatika. Januari 2022 mafuriko ya kimbunga Ana yaliharibu kituo cha Kapichira kwenye mto Shire, chenye uwezo wa karibu megawati 130, na nchi ikapoteza takriban theluthi moja ya uwezo wake wa kuzalisha umeme.

Mashine ikiungua, hasara ni kubwa kuliko bei ya kipuri. Sheria na sera za Malawi zinawataka wakimbizi kuishi kambini, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warejee Dzaleka. Kwa hiyo safari ya kutafuta ubao mama Lilongwe si ya kila mtu wala ya kila siku. Novemba mwaka huohuo Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44, na vifaa vinavyoagizwa kutoka nje vikawa ghali zaidi. Tahadhari kabla ya kuunganisha waya ni nafuu kuliko ukarabati.

Feni ni mzigo wa umeme

Feni ya kawaida ya kompyuta hutumia volti 12 za umeme wa moja kwa moja, na huvuta takriban ampea 0.2. Ukizidisha volti kwa ampea, unapata wati 2.4 tu. Feni za seva ni jamii nyingine. Baadhi ya zile zenye upana wa milimita 120 huvuta ampea 3 au zaidi, yaani wati 36, mara kumi na tano ya feni ya kawaida.

Soketi ya feni iliyo kwenye ubao mama, ambao mafundi wengi huuita mazabodi, kwa kawaida imetengenezwa kubeba ampea 1, sawa na wati 12. Feni ya ampea 3 ikichomekwa hapo, njia nyembamba za shaba za ubao huo hupitisha mara tatu ya kiwango chake. Matokeo huwa ni soketi iliyoyeyuka, transista iliyoungua au ubao mzima kufa. Plagi kuingia kwenye soketi si uthibitisho kwamba soketi inaweza kuubeba mzigo huo.

Ndiyo maana hatua ya kwanza haihusu kasi hata kidogo. Ni kusoma lebo iliyo katikati ya feni. Lebo hutaja volti na ampea. Feni nyingi ni za volti 12, lakini zipo za volti 24 na 48 zinazotoka kwenye mitambo ya simu na seva kubwa, na zipo zinazotumia volti 230 za umeme wa nyumbani. Hizo za mwisho hazina nafasi katika kazi inayoelezwa hapa.

Waya mbili, tatu na nne

Feni yenye waya mbili ina waya wa chanya na waya wa hasi pekee. Ya waya tatu inaongeza waya unaotoa taarifa ya mzunguko: kwa kawaida hutoa mapigo mawili kila feni inapozunguka mara moja. Feni inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, kwa mfano, hutoa mapigo 100 kwa sekunde, na kompyuta huyahesabu ili ijue kasi.

Feni ya waya nne ina pia waya wa amri, ambao kwenye vifaa huandikwa PWM. Kupitia waya huo kompyuta hutuma mapigo ya umeme mdogo, takriban mara 25,000 kwa sekunde. Kila pigo likiwa pana zaidi, feni hukimbia zaidi. Likiwa jembamba, feni hupunguza mwendo. Kiwango hicho kilichapishwa na kampuni ya Intel na kimefuatwa na watengenezaji wengi tangu miaka ya 2000. Mapigo 25,000 kwa sekunde yako juu ya uwezo wa sikio la binadamu, hivyo feni haitoi mlio mwembamba wa kuudhi.

Rangi za waya zisiaminiwe. Katika feni nyingi za waya tatu, waya wa njano hutoa taarifa ya kasi. Katika feni nyingi za waya nne, njano ndiyo chanya ya volti 12. Katika baadhi ya feni za seva, njano ni waya wa amri. Fundi anayeamua kwa rangi peke yake anaweza kupeleka volti 12 kwenye waya usiostahili hata volti 6. Baadhi ya mashine za Dell pia hupanga waya kwenye plagi kwa mpangilio wake zenyewe. Namba ya modeli iliyo kwenye lebo itafutwe, na maelezo ya mtengenezaji yasomwe kabla ya umeme kuwashwa.

Njia iliyo salama zaidi

Kwa feni kubwa ya waya nne, kanuni ni kutenganisha nguvu na amri. Nguvu ya volti 12 itoke moja kwa moja kwenye kisanduku cha umeme cha kompyuta, yaani pawasaplai, kupitia plagi ya pini nne nene inayojulikana kama Molex. Kutoka ubao mama zichukuliwe waya mbili tu: wa amri na wa taarifa ya kasi. Kwa njia hiyo ampea zote 3 hupita mahali palipotengenezwa kuzibeba, na ubao mama hubeba mapigo madogo tu.

Waya za kuunganisha za namna hii huuzwa zikiwa tayari. Anayeunganisha mwenyewe akumbuke mambo matatu. Kwanza, ikiwa nguvu inatoka kwenye chanzo kingine nje ya kompyuta, hasi za pande zote mbili ziunganishwe, la sivyo amri haitafika. Lakini chanya mbili zisiunganishwe kamwe. Pili, feni zaidi ya moja zikigawana amri moja, ni feni moja tu irudishe taarifa ya kasi, maana mapigo yakichanganyika hesabu huharibika. Tatu, feni ya waya nne ipewe volti 12 kamili wakati wote. Kasi ipunguzwe kwa waya wa amri, wala si kwa kushusha volti.

Amri ikishaunganishwa, mipangilio hufanywa kwenye ukurasa wa BIOS unaofunguliwa kompyuta inapowaka, au kwa programu. Kwenye Linux, kifurushi cha lm-sensors kina chombo kinachoitwa fancontrol kinacholinganisha joto na kasi.

Wanaojifunza elektroniki huweza kutumia vidhibiti vidogo kama Arduino. Mapigo yake ya kawaida ni mamia tu kwa sekunde, hivyo programu lazima iyapandishe hadi karibu 25,000. Kati ya kidhibiti na feni iwekwe transista ndogo inayovuta waya wa amri kwenda kwenye hasi. Ina faida mbili: hulinda kidhibiti dhidi ya volti zinazotoka ndani ya feni, na kidhibiti kikizimika transista huachia waya, na feni inayofuata kiwango cha Intel hurudi kwenye kasi yake ya juu.

Feni isiyo na waya wa amri

Feni ya waya mbili au tatu hudhibitiwa kwa kushusha volti. Chombo kinachofaa ni moduli ya kushusha volti inayopoteza umeme kidogo, ile yenye koili na skrubu ndogo ya kurekebishia. Ampea zake ziwe nyingi kuliko zilizoandikwa kwenye feni, angalau mara moja na nusu, kwa sababu feni huvuta umeme mwingi zaidi inapoanza kuzunguka. Kabla feni haijaunganishwa, volti zinazotoka zipimwe kwa mita. Moduli iliyoachwa kwenye volti 20 huua feni ya volti 12.

Kushusha kuna mpaka. Feni nyingi za volti 12 hushindwa kuanza chini ya volti 5 hadi 7, ingawa zikiwa tayari zinazunguka zinaweza kuendelea. Kwa hiyo kiwango cha chini kipatikane kwa kuijaribu feni ikiwa imesimama kabisa.

Njia za kuepukwa

Swichi ya kupunguzia mwanga wa taa isitumike. Imetengenezwa kwa ajili ya volti 230 na inaweza kuua.

Rezista ndogo ikiwekwa njiani hugeuza umeme kuwa joto. Kwa feni inayovuta ampea 2, ukitaka kupunguza volti 4 tu, rezista italazimika kubeba wati 8. Rezista za kawaida za redio huhimili robo ya wati. Itageuka kaa, na ikiwa karibu na plastiki au karatasi, inaweza kuwasha moto. Kitufe cha kuzungusha kinachotumika kurekebisha sauti ya redio kina udhaifu uleule.

Njia ya zamani ya kupata volti 7, ambapo feni huunganishwa kati ya waya wa volti 12 na waya wa volti 5 wa pawasaplai, nayo ni hatari kwa feni kubwa. Umeme unaotoka kwenye feni hurudi kwenye njia ya volti 5. Ikiwa njia hiyo haina mzigo wa kutosha, volti zake hupanda na kugusa diski na vifaa vingine vinavyoitegemea.

Feni iliyo ndani ya pawasaplai yenyewe isiguswe. Kapasita zilizomo huweza kushikilia zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani. Kupunguza kasi ya feni hiyo ili kelele ipungue ni kuficha joto mahali ambapo haliwezi kupimwa.

Betri na paneli za sola

Umeme wa gridi unapokatika, wengi hugeukia betri ya volti 12, na feni ya volti 12 huonekana kama imezaliwa kwa ajili yake. Lakini betri ya asidi inapochajiwa na sola hupanda hadi zaidi ya volti 14, wakati feni nyingi zimepangiwa mwisho wa volti 13 na kidogo. Kati ya betri na feni iwekwe moduli inayotoa volti 12 zisizobadilika.

Hatari kubwa zaidi ni nguvu ya betri yenyewe. Pawasaplai nzuri hujizima waya zinapogusana. Betri haijizimi, humwaga mamia ya ampea hadi waya ung'ae kwa moto. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na ncha ya chanya ya betri. Kwa feni ya ampea 3, fyuzi ya ampea 5 inatosha, na waya uwe mnene kiasi kwamba fyuzi ndiyo itakayokatika kwanza. Waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba unafaa.

Faida ya kupunguza kasi

Hapa ndipo hesabu inapoonyesha thamani ya udhibiti. Kasi ya feni ikipungua kwa nusu, hewa inayosukumwa hupungua kwa nusu. Lakini umeme unaohitajika hupungua hadi takriban sehemu moja ya nane, kwa sababu nguvu hufuata kasi iliyozidishwa yenyewe mara tatu. Kwa asilimia 70 ya kasi, feni hutumia karibu theluthi moja tu ya umeme wake.

Feni ya ampea 3 ikizunguka kwa kasi yote kwa saa 24 hutumia ampea-saa 72. Betri ya asidi ya ampea-saa 100, ambayo haifai kumalizwa zaidi ya nusu mara kwa mara, haiimudu. Kwa nusu ya kasi, feni hiyo hutumia takriban ampea-saa 9. Betri hiyohiyo sasa inaweza kuihudumia usiku na mchana na bado ikawa na akiba ya taa na simu.

Kelele nazo hupungua kwa takriban desibeli 15. Darasani hilo humwezesha mwanafunzi kumsikia mwalimu, na katika chumba cha kurekodia huondoa mvumo unaoingia kwenye maikrofoni.

Je, nusu ya kasi inatosha? Kompyuta inayotoa wati 300 za joto, ikiwa hewa inaruhusiwa kuongezeka nyuzi 10 inapopita ndani, huhitaji takriban mita za ujazo 90 za hewa kwa saa katika hali ya kawaida ya pwani. Kwenye mwinuko wa Lilongwe, siku ya nyuzi 30, hewa ni nyepesi zaidi, na mahitaji hupanda hadi karibu mita 105. Feni kubwa ya seva husukuma zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho inapokimbia yote. Nafasi ya kupunguza ipo.

Hata hivyo, feni haishushi joto chini ya lile la chumba. Chumba chenye kompyuta 20 za wati 100 kila moja hupokea wati 2,000 za joto, kama jiko la umeme lililowashwa. Bila madirisha yanayopitisha hewa, feni huzungusha hewa ileile ya moto.

Feni ikishindwa

Udhibiti salama ni ule ambao, ukiharibika, huiacha feni ikikimbia kwa kasi yote badala ya kusimama. Feni za waya nne zinazofuata kiwango cha Intel hufanya hivyo waya wa amri unapokatika. Baadhi ya feni za seva hazifanyi hivyo, kwa hiyo jambo hili lijaribiwe: kompyuta ikiwa haina kazi muhimu, waya wa amri uchomolewe. Feni ikisimama, isiachwe bila kipimo cha joto kitakachoizima mashine yenyewe.

Mpangilio wa kuanzia unaofaa mashine nyingi ni huu: asilimia 30 ya kasi joto la prosesa likiwa chini ya nyuzi 40, asilimia 50 kwenye nyuzi 60, asilimia 80 kwenye nyuzi 75, na kasi yote kuanzia nyuzi 85. Iwekwe tofauti ya nyuzi 3 hadi 5 kati ya kupanda na kushuka, ili feni isibadili mwendo kila sekunde.

Baada ya hapo mashine ipewe kazi nzito kwa nusu saa, mchana, wakati wa joto. Waya na plagi ziguswe kwa nje: kilicho moto kiasi cha kutovumilika mkononi kimezidiwa. Jaribio lililofanywa asubuhi ya Juni haliwezi kuthibitisha usalama wa alasiri ya Oktoba.

Feni ya seva inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika hukata kidole. Wavu wa chuma uwekwe mbele yake, hasa palipo na watoto, na ifungwe kwa skrubu kabla ya kuwashwa. Wakati wa kusafisha vumbi, umeme uzimwe na mapanga yashikwe kwa mkono. Yakipulizwa kwa hewa ya nguvu bila kushikwa, hukimbia kupita kiasi, huharibu beringi, na feni hugeuka jenereta inayorudisha umeme kwenye saketi.

Katika kiangazi cha Dowa, usafi wa kila mwezi unaweza kuleta nafuu kubwa kuliko kuongeza kasi. Feni iliyo safi, iliyopewa njia yake ya umeme na fyuzi yake, hufanya kazi kwa nusu ya mwendo na kuacha nusu nyingine kuwa akiba ya siku ambayo joto litazidi.